Unafika Istanbul mara ya kwanza? Ayasofya haikimbii, anza na kadi na feri (uzi mrefu kidogo)

mtembezi_wa_feri

Habari za humu wakuu. Kila mara naona mtu anauliza "naenda Istanbul nianzie wapi" na majibu ni yale yale, Ayasofya (Hagia Sophia), Msikiti wa Bluu, Kapalıçarşı (lile soko kubwa la zamani lililoezekwa), piga picha, rudi. Mimi nna mawazo tofauti kidogo na najua watakuwepo wa kunipinga, karibuni sana. Siku mbili za mwanzo usizimalizie kwenye foleni za makumbusho, zitumie kujua jiji linavyotembea. Ukishalijua, hayo majengo utayafikia hata ukiwa umechoka, ila ukianza na majengo utashtukia wiki imeisha hujatoka Sultanahmet, unakula kwenye migahawa yenye menyu za picha kwa bei ya mgeni, afu unarudi unatangazia watu kwamba Istanbul ni ghali.

Kwanza ukubwa wake. Ni watu zaidi ya milioni 15, wilaya 39, na limekalia mabara mawili, katikati unapita mlango wa bahari wa Bosphorus ambao una urefu wa kama kilomita 30. Sasa mtu akikwambia hoteli ipo "katikati ya mji" muulize katikati ya wapi. Weka kichwani vipande vitatu tu. Mji wa zamani, ndo kwenye Sultanahmet, Laleli, Aksaray. Ukivuka ghuba ya Haliç unakuta Karaköy, Galata na Taksim. Ukivuka bahari yenyewe upo Asia, Kadıköy na Üsküdar. Ukivishika hivyo vitatu mengine yote yanajipanga yenyewe.

Viwanja vya ndege viko viwili na hapa watu wanaumia. Ule mpya mkubwa uliofunguliwa 2018 upo upande wa Ulaya, kama kilomita 40 toka mjini. Sabiha Gökçen upo Asia kabisa. Angalia tiketi kabla hujabuku chumba, maana mtu anatua Asia, hoteli yake ipo Taksim, anashangaa mbona safari haiishi.

Toka uwanja mpya panda metro ya M11 hadi Gayrettepe, hapo unahamia M2 (kutoka treni moja hadi nyingine kuna mwendo wa maana, kama una masanduku jipange). Hiyo M2 ndo itakubeba sana: Osmanbey, Taksim, Şişhane, Haliç, Vezneciler, Yenikapı. Kituo cha Haliç kipo juu ya daraja, yaani treni inatoka shimoni ghafla unaona maji kulia na kushoto na minara ya misikiti juu ya vilima, mgeni anasimama kabisa kwenye kiti achungulie, wenyeji wala hawainui macho kwenye simu zao.

Kadi inaitwa Istanbulkart, inauzwa kwenye mashine za njano na bluu vituoni, unaweka hela unagonga. Metro, tramu, basi, feri, Marmaray, vyote kadi hiyo hiyo, na ukihama chombo kimoja kwenda kingine ndani ya muda nauli ya pili inapungua. Mashine nyingi hazitoi chenji kwa hiyo usiingize noti kubwa kama unaondoka kesho.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Marmaray (ile treni inayopita chini ya bahari, ilifunguliwa tarehe 29 Oktoba 2013) ukigonga kuingia inakukata nauli ya safari ndefu kuliko zote. Ukishuka, kabla hujaondoka kituoni utaona vimashine vimesimama pembeni vimeandikwa "iade", gonga kadi yako pale na inarudishiwa tofauti. Metrobüs (mabasi yao ya mwendokasi) nayo hivyo hivyo. Utaona wenyeji wamepanga foleni pale wanagonga na mgeni anawapita anawahi mlango, hela yake kaiacha nyuma.

Nyingine, saa. Uturuki waliacha kubadilisha saa mwaka 2016, sasa mwaka mzima wako sawa na sisi wa Afrika Mashariki. Hakuna kuvurugika usingizi. Ila ukienda Januari jua linatoka karibu saa mbili na nusu asubuhi, utaamka saa moja ukute kiza utadhani simu yako imeharibika.

Naendelea na feri chini, ngoja nimeze chai.

kipanga_mweusi

Naweka kiti hapa mbele kabisa. Shusha mkuu

Mtu Baki

Mkuu nakuheshimu ila hapo kwenye kuacha Ayasofya sikubaliani. Mtu kajichanga miaka afike pale, ana siku chache, unamwambia akapande treni? Mimi niliingia Ayasofya siku ileile niliyofika na sijutii hata kidogo. Jengo la mwaka 537! Justinian kalijenga, Sultani Mehmed kaligeuza msikiti 1453, Atatürk akalifanya makumbusho, 2020 limerudi kuwa msikiti. Unaingia unakuta malaika wa Kikristo wamechorwa kule juu na majina ya Makhalifa yamening'inia kwenye ngao kubwa za duara, vyote ndani ya kuba moja. Hiyo huwezi kuilinganisha na kugonga kadi.

mtembezi_wa_feri

@Mtu Baki hahaha nilikungoja wewe. Sijasema usiende, nimesema haikimbii. Na kwa taarifa ya wanaokuja, tangu Januari 2024 mtalii wa nje analipa euro 25 na anapandishwa ghorofa ya juu, haingii chini. Chini ni kwa wanaoswali, mlango wao ni mwingine na hauna kiingilio. Kwa hiyo mtu akifika na bajeti ya kubana, euro 25 za siku ya kwanza kabla hata hajajua nauli ya tramu ni shilingi ngapi, mimi naona ni haraka. Sultanahmet (Msikiti wa Bluu, ule wa minara sita) upo hapohapo mbele na ni bure, ila wakati wa swala watalii wanasubiri nje na Ijumaa asubuhi usijisumbue.

Na angalieni siku za kufungwa jamani. Kasri la Topkapı Jumanne. Kasri la Dolmabahçe Jumatatu. Kapalıçarşı Jumapili. Nimeona watu wanafika mlangoni na familia nzima wamevaa wamependeza, geti limefungwa.

Haya feri. Nenda Eminönü au Karaköy, gonga kadi, panda vapur (ndo feri yenyewe) ya Kadıköy. Ni kama dakika 20 hivi, kwa nauli ya kawaida kabisa ya jiji. Pale kuna vijana watakuvuta mkono wakuuzie "Bosphorus tua", utalii wa boti kwa bei ya juu, na siku ya kwanza wewe wapite tu. Kaa nje upande wa nyuma. Kuna jamaa anapita na trei ya chai kwenye vile vikombe vya kioo vyembamba katikati, chukua. Watu wanawarushia shakwe vipande vya simit (mkate wa duara wa ufuta) na wale ndege wanavidaka hewani usawa wa uso wako kabisa. Geuka nyuma utaona Topkapı, Ayasofya, Sultanahmet, vyote vimepanga mstari juu ya kilima, na hapo ndo utaelewa kwa nini watu walipigania lile eneo karne na karne. Kwa mbele linakuja jengo la stesheni ya Haydarpaşa limekaa majini kama ngome ya Mjerumani, na kweli ni Wajerumani waliolichora.

Ukishuka Kadıköy upo Asia. Mitaa ya soko la samaki pale, watu wananunua kachumbari za kwenye mitungi, zeituni, kahawa ya kusagwa hapohapo, hakuna anayekuita "my friend". Hapo ndo nasema mtu aanzie.

Tahadhari: ukivuma upepo wa kusini wanaouita lodos feri zinasimama. Usitegemee feri kuwahi ndege wakati wa baridi.

mama_shela

Asante sana kaka kwa uzi, nimejifunza. Naomba kuuliza, mwanamke peke yake anaweza kuzunguka hivyo bila shida? Na mavazi vipi, mimi najistiri kawaida

nipo_aksaray

@mama_shela dada njoo tu usiogope. Ukijistiri ndo kabisa hakuna anayekuangalia mara mbili, na asiyejistiri naye anatembea hivyohivyo, mtaa mmoja utakuta buibui jeusi na kaptula zinapishana. Kuingia msikitini funika kichwa na vua viatu basi, hata usipokuwa na mtandio mara nyingi wanaazimisha mlangoni pale kwenye misikiti mikubwa.

Mimi naishi huku kwa hiyo niongeze ya kwangu ambayo mtalii hatakwambia.

Dolmuş. Hizi ni daladala zao, za njano au bluu bahari inategemea ruti, na hakuna konda. Unakaa, unatoa noti, unampa wa mbele yako unataja unakoshuka, yeye anampa wa mbele yake, inafika kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia hiyohiyo mkono kwa mkono mpaka kwako. Mara ya kwanza unaikodolea macho hela yako ikiondoka. Haipotei. Dereva anaendesha, anahesabu chenji, anabishana na simu, vyote kwa pamoja. Ukitaka kushuka sema kwa sauti "inecek var", usinong'one maana atakupeleka mpaka mwisho.

Kula: tafuteni zile wanaita esnaf lokantası, migahawa ya wafanyabiashara na mafundi. Chakula kiko kwenye trei za chuma nyuma ya kioo, unaonyesha kidole tu. Maharage (kuru fasulye) na wali, supu ya dengu, mkate mara nyingi upo mezani tayari. Nenda mchana, jioni vizuri vyote vimeisha. Ukiona mafundi wamevaa ovaroli wanakula basi ingia.

Na tembeeni na nakala ya pasi. Huku Aksaray na Kumkapı polisi wanasimamisha watu kuangalia karatasi, hasa sisi weusi, tusifichane. Ukiwa nazo wanaangalia wanakuachia unaendelea na safari.

Fundi Mizigo

@nipo_aksaray hapo kwenye pasi umesema ukweli mtupu. Sasa mimi ni mtu wa biashara sio mtalii, ngoja nichangie upande wa mzigo maana najua humu wengi ndo safari yao.

Bei za jumla za nguo ni sehemu tatu, Laleli, Osmanbey na Merter. Laleli ndo rahisi kwa mgeni, tramu ya T1 inapita katikati yake. Usishangae mabango ya Kirusi kila duka, hiyo ni toka miaka ya 90 baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika watu wa kule walikuwa wanajaa pale kubeba mizigo, na bado wapo. Bei nyingi wanakutajia kwa dola. Wanauza kwa "seri", yaani fungu lenye saizi zote za nguo moja, usiende kuomba gauni moja wakuangalie kama umepotea. Osmanbey vitu vya hali ya juu kidogo na bei yake inajieleza.

Siku ya kwanza usinunue kitu. Zunguka tu, piga picha mabango ya maduka, uliza bei, omba kadi. Zile hani (majengo ya ghorofa yenye maduka ndani ndani) mlango wake mdogo utaupita, afu ndani kuna ghorofa tano za nguo. Anwani za kule zina "Kat", hiyo ni ghorofa, na "zemin kat" ni ya chini kabisa. Andika yote, maana kesho utaitafuta ile hani na hutaiona, zinafanana zote.

Kago: uliza duka linalokuuzia wanamtuma nani, afu uliza maduka mengine mawili. Jina litakalojirudia ndo hilo.

kipanga_mweusi

Hapo kwenye kuzunguka siku ya kwanza bila kununua nakuunga mkono mzee, ndo hoja ya mleta uzi hiyohiyo ila upande wa biashara

Mtu Baki

Naona mnanizingira sasa 😂

Haya niulize, mtu anayeunganisha ndege tu ana masaa machache yeye afanyeje? Hana siku mbili za kujifunza feri huyo.

mtembezi_wa_feri

@Mtu Baki huyo nakubali, aende na kundi. Turkish Airlines wana ziara za bure za mji kwa abiria wao wa kimataifa wanaosubiri kwa masaa 6 hadi 24, inaitwa Touristanbul, unaenda kaunta yao uwanjani. Lakini kama pasi yako inahitaji viza ya Uturuki lazima uwe nayo ndo utoke nje, ziara ni bure viza sio bure.

bongo_la_njia

Teksi vipi wakuu? Nimesikia mengi

nipo_aksaray

Uliyoyasikia mengi ni kweli 😅 Kuna waaminifu, nimepanda nao, ila maeneo ya watalii kuna michezo. Wa kwanza unatoa noti kubwa, dereva anaigeuza haraka anakuonyesha noti ndogo inayofanana rangi, "umenipa hii". Dawa yake, taja noti kwa sauti wakati unampa, uishike mpaka aione. Wa pili, njia ndefu, fungua ramani kwenye simu aone kwamba unaona. Wa tatu hataki safari fupi, kila mtu atakukatalia, usigombane nae. Ukivuka daraja au handaki kwenda Asia ushuru wa barabara unaongezwa kwenye nauli yako, huo ni halali sio wizi. Ita kwa programu ya simu ni nafuu kwa moyo.

Afu mpiga viatu! Anatembea mbele yako na kisanduku, brashi inadondoka "bila yeye kujua". Wewe mwema unaiokota unamkimbilia. Anakushukuru karibu alie, anakulazimisha akung'arishie kiatu kama zawadi, anakusimulia mtoto wake mgonjwa, na mwisho anataka hela ya maana. Daraja la Galata na Sultanahmet ndo ofisi zao. Brashi ikidondoka iache ilale hapo.

Na Taksim usiku, mwanaume peke yako, anakuja mtu mstaarabu anaomba moto wa sigara, kumbe nae ni "mgeni" mjini, twende tukanywe bia moja. Bili itakayokuja hutaisahau na mlangoni kuna wajeuri wawili. Kataa, endelea kutembea.

mama_shela

Loh kumbe hata wema una bei. Na laini ya simu?

Fundi Mizigo

Ya uwanjani ghali dada yangu, subiri ufike mjini, nenda na pasi dukani. Simu ya nje ikitumia laini ya kule mwisho ni siku 120, baada ya hapo wanaifunga mpaka uisajili na kulipia kodi yake ambayo ni kubwa sana, wa safari fupi haikuhusu. Na hela badilisha mjini, maduka ya "döviz", sio uwanjani.

mtembezi_wa_feri

Nimalizie ya miguu maana hakuna aliyeitaja. Ramani ya simu inakwambia mita 400, haikwambii kwamba ni mita 400 za kupanda. Toka Karaköy kwenda Galata ni mlima wa mawe, ukinyesha unateleza. Kuna Tünel pale, kijitreni cha kupanda kilima cha mwaka 1875, cha pili kwa ukongwe duniani kwa treni za chini ya ardhi baada ya London, safari yake ni dakika moja na nusu hivi, kadi ileile. Na Kabataş kwenda Taksim kuna kama hicho. Viatu vya kupendeza viache hotelini.

Ah na ukipita Yenikapı kumbuka upo juu ya bandari ya kale. Wakati wanachimba kituo walikuta mabaki ya meli 37 za enzi za Bizantini zimezikwa kwenye tope, mradi ukachelewa miaka. Mimi hiyo ndo makumbusho yangu, bure.

bongo_la_njia

Mkuu mimi natua Jumapili asubuhi uwanja mpya, nafikia Laleli, nakuja kufungasha nguo narudi Alhamisi. Jumapili naanza na nini?

Fundi Mizigo

Jumapili Laleli sehemu kubwa wamefunga, Kapalıçarşı nayo imefunga, utazunguka kwenye milango iliyofungwa tu. M11, M2, shuka Vezneciler, tembea na begi lako kushuka hotelini, ni karibu. Weka mzigo, lala kidogo.

mtembezi_wa_feri

@bongo_la_njia ukiamka panda T1 toka Laleli mpaka Eminönü, vapur ya Kadıköy, kula huko, urudi na Marmaray kutoka Ayrılık Çeşmesi hadi Yenikapı ili ujue njia zote mbili, ya juu ya maji na ya chini yake. Gonga iade. Jumatatu jikabidhi kwa mzee Fundi hapo juu.

Fundi Mizigo

Jumatatu saa tatu asubuhi uwe mtaani. Dola zako ziwe noti mpya, zilizochanika na zilizoandikwa kalamu wanazikataa. Ukifika niandikie inbox nikupe majina ya hani za magauni.